Migongo ya Zamidari

Nchi ya Zamidari imekaa kama bakuli lililopinduliwa: katikati kilima kimoja kikavu chenye upepo mzuri na maji ya kupandishwa kwa punda, na kukizunguka, mabonde yenye mihogo, matope na watu. Kilimani anakaa Mfalme Shibani, mtu mnene wa hasira fupi na usingizi mrefu, na kando yake vimebanana vyuo vya sheria, maana Wazamidari wanapenda sheria kama wengine wanavyopenda ngoma, ingawa kesi zao huamuliwa kwa kumtazama mfalme kama amekunja uso au la.

Ubora wa vyuo hivyo haupimwi kwa kinachofundishwa. Hilo, wanasema, lingechosha. Kila mwaka wahesabuji wa serikali huketi kivulini mbele ya malango na kuhesabu migongo. Mtu akiomba nafasi, akakataliwa, akageuka kurudi kwao, basi mgongo wake ni alama moja kwa chuo. Kisha hupimwa umbali wa chuo na ikulu. Ukipungua, sifa inazidi. Chuo cha Bonde, kinachopokea yeyote mwenye masikio, huwa cha mwisho, na mwalimu wake, Bi Somoye, hajapata kuonekana akilia kwa ajili hiyo.

Cha kwanza miaka yote ni Chuo cha Kilele, cha Mkuu Tabanja. Huyu alilipunguza lango mpaka watu wakawa wanapita ubavu. Aliwalisha pilau wauza mkaa ili waje kuomba, wakataliwe, waende zao wameshiba. Lakini mwaka huo Chuo cha Ukuta kilijenga baraza lililogusa ukuta wa ikulu, na Tabanja akakosa raha. Akaona dawa ni moja: akauzungusha uzio wa chuo chake kwenye ikulu nzima, mfalme akiwa ndani. Nani angekuwa karibu zaidi ya hapo? Mfalme alipoambiwa kwamba sasa anaishi ndani ya chuo bora kuliko vyote, alicheka mpaka akakohoa. Na kwa kuwa Ukuta walilalamika kwamba wauza mkaa walewale wanahesabiwa asubuhi na jioni, akatia muhuri amri mpya: aliyehesabiwa mgongo haruhusiwi kuingia lango la Kilele mpaka mwakani, awe nani awaye.

Siku ya mwisho ya hesabu, mfalme alishuka bondeni kula ubwabwa wa harusi. Alasiri aliporudi, alimkuta Tabanja nje ya lango, jasho linamtiririka.

"Nipishe, Tabanja. Nimeshiba, nataka kulala."

"Mtukufu, tumelingana na Ukuta! Tukipata mgongo mmoja tu, tumeshinda."

"Si utafute mtu?"

"Watu wameisha. Nchi nzima tumeshaikataa." Tabanja akapiga magoti. "Geuka kidogo, Mtukufu. Mgongo wako mpana, hakuna atakayebisha."

"Mimi? Nikataliwe kwangu?"

"Ama ulale leo kwenye chuo cha pili."

Hilo lilimchoma. Cha pili! Mfalme akageuka. Mhesabuji akaandika, ndani ya uzio vigelegele vikapigwa, na askari wote wakakimbilia pilau la ushindi. Mfalme alipolirudia lango, mlinzi, aliyeajiriwa kwa sababu hakuwahi kumsikiliza mtu, alimwekea mkuki kifuani.

"Mwakani, mzee."

"Tabanja! Mwambie!"

"Amri ni yako, Mtukufu," alinong'ona Tabanja. "Nikikuingiza, mgongo unafutwa." Akapenya ubavu, akafunga. Mfalme alijaribu kupenya naye, lakini ubwabwa ulikataa.

Asubuhi alisimama mlangoni mwa Chuo cha Bonde, vumbi mpaka magotini.

"Nataka mwanasheria wa kunirudisha kwangu."

"Wa Kilele je?" aliuliza Bi Somoye.

"Kilele hakijampokea mtu miaka na miaka. Ndiyo sifa yake."

"Hongera zenu. Basi jifunze mwenyewe. Sogea pale, baba, muuza mkaa atakupisha."

Mfalme akaketi, benchi likalia. Bi Somoye akawageukia wanafunzi wake.

"Haya. Mtu amefungiwa nje ya nyumba yake kwa sheria. Wa kulaumiwa ni nani?"

Mikono yote ikanyooka kwa mpigo mmoja. Mfalme aliitazama, akatazama sakafu, kisha naye, taratibu, akanyoosha wake. Na hakuna aliyejua kama alitaka kujibu, au kuomba ruhusa ya kutoka.