Baba Mkwe Darasani

Dk. Tupokigwe alikuwa na jibu la kila kitu, mradi kitu chenyewe kiwe cha saikolojia. Muhula huu chuo chake cha Tabata kilimhamishia masomo ya jioni, awafundishe ushauri nasaha watu wazima wanaotoka makazini. Jawabu lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa fupi: "Tatizo ukilikwepa, unalilisha."

Jumatatu ya kwanza akaingia darasani na tabasamu lake, akaweka kompyuta mezani, akainua macho kusalimu. Mstari wa mbele, ndani ya suti ya kijivu, ameketi Mzee Gibson. Baba mkwe wake.

Hapa asiyewajua Wanyakyusa inabidi aelezwe. Kwa wazee wa Tukuyu, mke wa mwanao humtazami usoni, naye hakutazami. Mkikaribia kukutana njiani, mmoja anachepuka. Hamli pamoja, hamsemezani. Si chuki hata kidogo, ni heshima, tena ile kubwa. Vijana wengi wa mjini wameuacha mwiko huo, lakini Mzee Gibson, mwalimu mstaafu anayeishi kwa binti yake Kiwalani, hakuwa kijana wala hakuwa na mpango wa kuwa. Tangu Tupokigwe aolewe na mwanawe Isack, wawili hao walikuwa hawajaambiana hata neno moja. Mzee alijua mkwewe anafundisha chuo hicho, ila aliambiwa ni asubuhi.

Basi daktari wa saikolojia akafanya nini? Akachutama nyuma ya meza. Mzee naye akajifunika koti kichwani, akatoka akipapasa ukuta, akamkanyaga mguu mwanafunzi mwenzake, Khalfani.

"Kuna nyoka?" Khalfani akauliza, keshapanda juu ya kiti.

"Madam, yule mzee kakufanya nini?" akadakia Mwajabu, mama wa Kizaramo, fundi cherehani wa Temeke. Kwao baba mkwe huandaliwa chai na vitumbua, akaulizwa kama sukari imetosha.

Mkuu wa idara, Dk. Revelian, hakuwa na msaada mkubwa. "Mitihani ya mzee nitasahihisha mimi," alimwambia Tupokigwe. "Lakini somo ni la lazima na mwalimu ni wewe. Asipohudhuria, stashahada haipati."

Mzee akatuma ujumbe kwa Isack: anaacha chuo, hawezi kumvunjia mkwewe heshima. Tupokigwe aliumia kweli. Ukoo ulipotaka aache masomo akae nyumbani azae, mzee huyuhuyu ndiye aliyesimama akasema mke wa Isack aachwe asome mpaka vitabu viishe. Leo yeye ndiye wa kumkatiza masomo? Aliona aibu, na usomi wake wote haukumpa dawa. Kipindi kilichofuata akaamua kuliambia darasa ukweli.

Mwajabu alicheka mpaka akashika mbavu. "Madam, sie watu wa pwani tumekulia kwenye mapazia. Harusini pazia, maulidini pazia. Ishu ndogo hivi ndo inakunyima usingizi?"

Kesho yake akaja na pazia la maua mekundu, kamba na misumari. Kona ya nyuma ikazibwa, mlango wa nyuma akakabidhiwa mzee. Isack akatumwa kumbembeleza, na mzee akarudi. Akiwa na swali, alimnong'oneza Mwajabu aliyekaa ukingoni mwa pazia, naye alilipeleka mbele kwa sauti ya mnada.

"Madam, mzee anasema huyo mtaalamu wako wa Ulaya haelekei kuwa aliwahi kulea watoto saba!"

"Mwambie ni kweli, hakuoa."

"Mzee, hakuoa!"

"Nilijua," ikasikika nyuma ya pazia, na darasa likaangua kicheko. Wanafunzi wa madarasa mengine wakaanza kuja kuchungulia.

Mwisho wa muhula kila mmoja alitakiwa aeleze kwa nini anataka kuwa mshauri. Zamu ya mzee ilipofika, safari hii hakunong'ona.

"Mwanangu Mwajabu," alianza, "mimi nina mkwe. Mwaka juzi mimba yake iliharibika, nami nilikuwa mgeni pale kwao, chumba cha uani. Nikamsikia analia. Mke wangu alishafariki, Isack alikuwa safarini, sikuwa na wa kumtuma. Shuleni sikuwahi kukosa neno la kumwambia mtoto wa mtu. Siku ile nilikaa kitandani nimeshika viatu, siendi wala sibaki. Nikasema nitakwenda kujifunza. Lazima iko namna ya kumfariji mtu usiyeruhusiwa kumtazama."

Tupokigwe alikuwa akiamini kwamba siku ile alilia peke yake, na tangu hapo hakuwa ameligusa jambo lile, si kwa Isack wala kwa mtu yeyote. Machozi yakamtoka mbele ya wanafunzi wake wote, na hakujali.

Mwajabu aligeukia mbele. "Madam, mzee anasema..."

"Nimesikia, dada."

"Sasa nimwambieje?"

Tupokigwe alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mwambie nimefarijika."

"Mzee," Mwajabu akasema taratibu, bila mnada, "kafarijika."

Nyuma ya pazia mzee alipenga kamasi kwa muda mrefu.

"Mwambie na mimi," akasema.