Sebule ya Mukendo

...tena juu kidogo, mwalimu, hapo hapo, usikiachie, alisema fundi Shomari, na Debora akakibana kioo ukutani kwa viganja vyote viwili, kioo kirefu kumzidi yeye mwenyewe, Shomari akapiga magoti kutia alama za penseli mahali pa kutoboa, na ndani ya kioo likatokea dirisha la upande wa pili, na ua wa jirani, na kipande kizima cha anga la mtaa wa Mukendo, sebule ikawa mbili, kama alivyosema yule dada wa kwenye video za kupamba nyumba, weka kioo kitazamane na mwanga, paka rangi ya maziwa, pazia zianzie juu kabisa, toa kila kinachokula nafasi, naye alivifanya vyote ndani ya wiki moja ya likizo, kabati limeuzwa, makochi manene yameondoka yamekuja membamba yenye miguu ili sakafu ionekane, maana Jumamosi wanajumuiya wanasali hapa kwake na hataki wabanane magoti kama mwaka jana... mikono imeanza kuuma, huyu fundi anapima mara ngapi... Shomari akainuka, akageuka, akaitazama sebule kwa raha ya mtu anayeona kazi yake inakubali, akasema bila ubaya wowote, "Yaani hapa sasa hata kitanda kinaingia na watu wanapita." Kitanda. Cha futi tatu. Ndivyo alivyosema Felisiani, mdogo wake, kwenye simu mwezi wa pili, kitanda cha futi tatu tu dada, nitakileta mwenyewe kutoka Bunda, kidonda cha mama cha mguuni kinataka kusafishwa kila Jumatatu na Alhamisi, kliniki iko huko kwako Musoma, kumpandisha gari ni mateso, analia njia nzima, naye Debora alikuwa amesimama hapa hapa na madaftari ya watoto mkononi, akamjibu, "Hapatoshi, Felisiani, njoo upime mwenyewe," akijua hatakuja, nani anatoka kwenye shamba lake la pamba kuja kupima sebule ya dada yake... ukuta huu ni wa tofali za saruji au za kuchoma, Shomari anauliza, za saruji, akajibu, na siku ile mama akaiomba simu kwa Felisiani, mama ambaye tangu abaki mjane kule Butiama hakuwahi kumwomba mtoto wake hata kibiriti, na sauti yake iko chini sana, "Mwanangu, mimi kwenye kona tu nalalaga. Wageni wakija nitatoka nje." Atatoka nje, na mguu ule. Akamwambia tutaangalia mama, ngoja mitihani ipite, na mitihani ikapita, mama akakosa kliniki mbili, mwezi wa tatu akazikosa zote, mwezi wa nne wakamzika Butiama, na pale msibani kila aliyemuuliza alimjibu neno moja, nyumba zetu za mjini ndogo, na wanawake wakaitikia ni kweli, mjini nafasi iko wapi, wakaitikia vizuri mpaka na yeye akaamini, na Evance, mume wake, aliyekuwa amesema tangu mwanzo kwamba kabati litoke mama aje, alikaa pembeni akiangalia viatu vyake... kabati lilitoka kwa robo saa. Watu wawili, robo saa. Na pale lilipokuwa pamebaki peupe chini ya dirisha, anapaona kwenye kioo, futi tatu na zaidi, jua limepalalia, angekuwa anaota jua asubuhi... si nafasi, haikuwa nafasi, ni Krismasi ile Bunda, alipoinama kumpa mama mkono na harufu ya kidonda ikampanda, akasema anatoka kuangalia wali, na wali ulikuwa umeshaepuliwa, akageuka mlangoni akamkuta mama anavuta khanga polepole kuufunika mguu. Mama aliona. Halafu bado akaomba... "Nitoboe?" Shomari ameshika drili. "Mama yangu aliomba kulala pale chini ya dirisha," Debora akasema, na pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Shomari akapatazama. "Akalala?" "Hapana. Nilisema hapatoshi." Hapa hapakuwa na wanawake wa kuitikia kama msibani, kwa hiyo ikabidi aendelee, "Palikuwa panatosha, fundi. Nilikuwa sitaki harufu yake." Shomari akakitoa kidole kwenye swichi. Butiama walimpa pole watu mia mbili, na hapa Debora akasubiri ya Shomari, akaisubiri kweli, fundi akashusha macho akaanza kufuta vumbi la penseli kwenye ukuta mpya, mahali ambapo hapakuwa na vumbi, wala hakumpa, kioo ni kizito, na Debora hakuona hata mtu mmoja wa kumlaumu kwa kunyimwa pole hiyo...