Msahihishaji wa Swali la Nne

Wanafunzi wenzake walimwita Shangazi, na msidhani ilikuwa heshima. Darasa zima la matrisi, yale majedwali ya namba ya hisabati, lilikuwa la vijana waliomaliza shule juzijuzi, na yeye alishaota mvi ambazo hakujisumbua kuzipaka rangi. Zamani aliwahi kuyaanza masomo haya, akayaacha katikati mama yake alipopooza, akamuuguza mpaka akamzika. Mdogo wake hakuacha chochote. Alipata shahada ya kwanza, akapata ya pili, na sasa alikuwa msaidizi wa profesa katika somo hilohilo. Yeye ndiye aliyesahihisha mitihani.

Waliishi nyumba moja, wakila chungu kimoja, lakini asubuhi waliondoka kwa kupishana. Mdogo mtu ndiye aliyeomba hivyo tangu siku ya kwanza. "Dada, kule chuoni tusijuane. Watu wana maneno." Dada akakubali. Wakikutana kwenye korido alisema "Habari za asubuhi, mwalimu," kama wengine, na mwalimu akaitikia huku akitazama saa. Mwanzoni Shangazi alikuwa akicheka peke yake. Baadaye aliacha kuona la kuchekesha.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa wa kufa na kupona. Alishaanguka mara moja, na kanuni ya idara ilijulikana: ukianguka tena, unafunga virago. Basi akazisoma matrisi mpaka akaanza kuzipenda, jambo ambalo hakulitegemea. Alizipenda hasa zile linganifu, ambazo ukizikunja kwenye ulalo, mstari wa kutoka kona hadi kona, kama karatasi, namba za upande huu zinaangukia namba zilezile za upande wa pili. Hazikuwa na hila.

Swali la nne liliwapa matrisi ya namna hiyo, likawataka waonyeshe kwamba inaweza kurahisishwa ikabaki na namba kwenye ulalo tu, kwingine kote sifuri. Shangazi aliandika mstari mmoja: hii ni linganifu, na kila matrisi linganifu ya namba halisi hurahisishika hivyo. Kisha akazitafuta hizo namba, akazipata. Alitoka chumba cha mtihani akiwa na njaa, dalili nzuri kwake.

Akaanguka. Alikosa alama chache mno, za kuuma kuliko kama angepata sifuri.

Karatasi ziliporudishwa aliketi kwenye benchi nje ya idara pamoja na kijana waliyemwita Miwani, ambaye walizoea kufanya mazoezi pamoja. Wakalinganisha. Kwenye swali la nne Miwani aliandika mstari uleule, karibu neno kwa neno, na mbele yake palikuwa na alama ya vema na maksi zote. Kwa Shangazi kalamu nyekundu iliandika "Thibitisha!" na nusu ya maksi ikaenda na maji. Wakaazima karatasi za wengine watatu. Wote vema.

"Hii ni dhuluma, Shangazi," Miwani alisema. "Twende kwa profesa."

Profesa alizisoma karatasi mbili hizo akiwa amesimama. "Uthibitisho ulitakiwa," alisema. "Kwako msahihishaji hakukosea, amewalegezea hawa wengine. Ukitaka haki, nitazisahihisha zote upya kwa ukali huuhuu."

Miwani akatazama viatu vyake. Alikuwa amefaulu kwa kuponea chupuchupu, na Shangazi alilijua hilo. Akaichukua karatasi yake mezani, akashukuru, akatoka. Njiani moyo ulimuuma kiasi kwamba alikosea kona ya nyumbani.

Mdogo wake alimkuta jikoni anamenya viazi.

"Ulijua ni karatasi yangu?"

"Zina namba tu, dada, hazina majina."

"Sikukuuliza zina nini."

Mdogo mtu akaweka mkoba chini. "Mwandiko wako nitaacha kuujua? Si wewe uliyenishika mkono nikajifunza kuandika?"

"Haya. Na ule mstari?"

"Ulihitaji uthibitisho."

"Wangu tu?"

"Wako niliusoma mara tatu. Wengine niliwapitia harakaharaka, karatasi zilikuwa nyingi. Niliogopa watu wasije wakasema nimekubeba."

"Watu gani? Mwaka mzima hakuna anayejua tumetoka tumbo moja. Wewe ndiye uliyetaka wasijue."

Hapo mdogo mtu alivuta kigoda, akakaa, akainuka tena. "Mimi ningejua," alisema hatimaye. "Ningekupa zile maksi, nisingekuwa na hakika kama umezistahili au nimekupa kwa kuwa ni wewe. Nisingelala."

"Na sasa unalala?"

Dada alimtazama, akamchukia waziwazi kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kumchukia huko kukamuuma kuliko mtihani. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wanaosema hivyo hawajawahi kusahihishiwa mtihani na zimwi lenyewe.

"Na yule kijana mwenye miwani?" aliuliza. "Mstari wake ni huohuo. Yeye mbona hukumdai uthibitisho?"

"Yule?" Mdogo mtu alishangaa kweli. "Yule si mtu wangu."

"Heri yake," dada alisema, akachukua kiazi kingine.