Mlima wa Unga

Mjukuu wangu alitaka kazi ya kuendesha lori la maji jangwani, lakini alikuwa amefeli mara mbili mtihani wa kusoma ramani. Kesho ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

"Bibi, mistari yote ya mwinuko inafanana! Bonde naliita mgongo wa kilima, mgongo nauita bonde. Ila leo silali mpaka nielewe."

Nilikuwa nakanda unga wa mkate. Akauchukua, akafinyanga kilima, akachimba mfereji ubavuni kwa kidole. Kisha akakata kilima hicho kwa uzi, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka akalizungushia penseli kwenye karatasi, dogo ndani ya kubwa.

Babu yake akamtania, "Mke mdogo, leo tunakula mlima?"

"Vumilia, mzee. Nikipata kazi nitakulisha."

Babu akavuta kiti, akamshikia karatasi isiteleze, ingawa njaa ilimuuma.

"Tazameni! Penye mfereji, mstari unapinda kuelekea kileleni. Hilo ndilo bonde!"

Kesho yake mtahini alimwuliza, mvua ikinyesha jangwani, ni wapi asiegeshe lori. Akaweka kidole bondeni bila kusita.

Jumatatu anaanza kazi.