Alhamisi ya Mbwa

Mbwa akioga hafurahi. Wanaosema anafurahi hawajamtazama vizuri, wamemtazama huku wanacheka. Mbwa akioga amepotelewa na harufu yake, na zile mbio zote, kupiga chafya na kusugua shingo mavumbini, ni kuitafuta. Hili alinifundisha baba yangu, Antipasi, aliyekuwa mhudumu wa josho la Ihanja kwa miaka kumi na saba. Pande zile hakuna mtu aliyeogesha mbwa wengi kuliko yeye.

Kazi aliyoajiriwa ilikuwa ng'ombe. Kila Alhamisi ng'ombe wa kijiji walipangwa foleni kwenye uchochoro wa miti, wakaruka mmoja mmoja ndani ya lile shimo refu la saruji lenye maji ya dawa, wakaogelea na kutokea upande wa pili. Dawa ililetwa na serikali kwa madebe, na hatukujua bei yake. Ng'ombe wa mwisho akishatoka, baba alipiga filimbi. Hapo ndipo watu walipoleta mbwa wao, bure, na kijiji kizima kilikuja kutazama.

Mbwa wa Filipo, jirani yetu, alikuwa akitoka majini anajiburuza kwa makalio njia nzima kama anayepiga pasi ardhi. Yule wa katekista alimtafuta mama yeyote aliyekaa chini, akajifuta kwenye kanga yake, na hakuna siku aliyokosa kanga. Mmoja alibwekea mkia wake mwenyewe. Wetu aliitwa Watasema. Mama ndiye aliyempa jina hilo, ili majirani walisikie kila akimwita. Watasema alizunguka nyumba mara tatu masikio yamelala, akapita katikati ya miguu ya watu, akaangusha alichoweza kuangusha, kisha akaishia kwenye rundo la majivu nyuma ya jiko. Alijibingirisha pale mpaka akawa mweupe, akainuka, akajikung'uta, akawa mbwa tena. Wote waliishia hivyo, kwenye jivu au kwenye samadi. Baba alikuwa anasema mbwa hajamaliza kuoga mpaka achafuke.

Mwaka wa tisini na tatu dawa iliacha kuja. Wakubwa walifika na gari wakatuambia sasa soko ni huria, mfugaji ajitegemee. Yalikuwa maneno mazuri, yakisemwa na watu wasio na ng'ombe. Baba alipewa barua ya kupunguzwa kazi, na kiinua mgongo chake akakinunulia maksai wawili wa kulimia, Mweusi na Madoa. Hicho ndicho kilichobaki cha miaka kumi na saba.

Angekuwa mtu mwingine angeliacha josho liote majani. Baba aliendelea kulifagia. Alivaa koti lake la kaki, filimbi shingoni, akawafukuza mbuzi waliokuwa wanalala mle shimoni, akarudi nyumbani. Watu waliendelea kumwita Bwana Josho, lakini sasa walilimalizia kwa kicheko kidogo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka mitatu nyuma, na niliwachukia kwa kicheko kile. Bado sijawasamehe wote.

Kupe hawakuwa na habari na soko huria. Baada ya miaka miwili tu walikuwa wamejaa, na ndama walikufa kwa ndigana kila nyumba. Filipo peke yake alipoteza kumi na mmoja. Ndipo baba akasema ataogesha ng'ombe kwa mkono, nyumba kwa nyumba, kwa ndoo na kitambaa. Ujuzi anao, kilichokosekana ni dawa tu, na dawa sasa inauzwa. Aliposema hivyo alikuwa amesimama wima kama siku za josho. Mama alinitazama mimi, mimi nikatazama chini, kwa sababu tulijua anachotaka si kupe wafe. Alitaka siku moja aitwe Bwana Josho bila kicheko.

Akaenda kuwaambia majirani. Filipo, ambaye kila neno lake lazima liwe na utani ndani yake, alimjibu, "Kizuri chajiuza, Mzee Antipasi. Anza na hao maksai wako. Tukiona wamepona, tutaleta wetu."

"Alhamisi njoo uone," baba akasema.

Tulikwenda Ikungi mimi na yeye, dukani kwa Kristina. Alikuwa binti wa makamo yangu au kunizidi kidogo, amefungua duka la dawa za mifugo na mbegu katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake. Alimpa baba shikamoo, akamtolea kiti, akaleta chupa ya lita moja yenye maandishi ya Kizungu ambayo hakuna kati yetu sisi wawili aliyeyaelewa.

"Mzee, hii kizibo kimoja kwa ndoo nzima ya maji," alisema. "Kizibo chake hichi hichi." Alirudia mara ya pili, akakifungua kizibo na kutuonyesha.

Nyumbani baba alifungua chupa, akanusa. Akanusa tena. Dawa ya serikali ilikuwa na harufu ya kukupigisha chafya ukiwa barabarani, na hii ilikuwa na harufu kidogo tu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

"Wameweka maji," alisema.

Hakuna aliyembishia, na sababu zilikuwepo. Miaka ile tulikuwa tumenunua mafuta ya taa yanayozima utambi kwa maji. Tulinunua sukari yenye mchanga. Mama alinunua vidonge vya malaria gulioni, tukavimeza, vikawa chaki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulikuwa tumeumwa kila duka. Baba akatungua ukutani kikombe chake cha bati, kile alichopimia dawa joshoni, akamimina kimoja kwenye ndoo, akanusa, akaongeza cha pili.

"Baba, alisema kizibo," nikamkumbusha.

"Kizibo ni cha dawa, Selina. Haya ni maji ya kisima."

Alhamisi, saa tisa alasiri, alisimama uani akapiga filimbi. Kwa miaka miwili Ihanja haikuwa imeisikia. Watu walitoka mashambani na majikoni, wakaja kama walivyokuwa wakija zamani, wengine na watoto mgongoni. Filipo alijikalia kwenye kinu kilicholazwa, amekunja mikono. Baba alipoona umati ule akabadilisha utaratibu. Zamani mbwa walikuwa wa mwisho, na leo alisema tuanze na mbwa, wageni wachangamke.

Nilimshika Watasema mimi mwenyewe. Alikuwa ameshazeeka kidogo, akanilalamikia lakini hakuning'ata. Baba alimsugua kwa kitambaa kuanzia masikio mpaka mkia, akimsemesha, "Tulia, bwana mkubwa, hata wakubwa huoga." Watu wakaanza kucheka. Tulipomwachia alijikung'uta, akatulowesha wote, akatoka mbio.

Alizunguka nyumba mara moja, masikio yamelala. Watu wakapiga makofi. Mara ya pili akapita chini ya miguu ya Filipo, na Filipo akaanguka kutoka kwenye kinu chali, miguu juu. Hapo kila mtu alicheka mpaka akashika mbavu. Baba alicheka. Alikuwa ameinama na kitambaa mkononi, machozi yanamtoka kwa kicheko, na mimi sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu barua ile ije.

Mara ya tatu Watasema hakumaliza. Alifika karibu na rundo la majivu, akalipita. Akaanza kuzunguka pale pale alipo, akiuma hewa, miguu ya nyuma ikimponyoka. Ute ulimtoka mdomoni mrefu kama wa ng'ombe. Akapangusa uso wake chini, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na kila akianguka watu walicheka zaidi, kwa sababu mbwa akioga ana wazimu, kila mtu wa Ihanja anajua hivyo. Kisha akajivuta, akaingia chini ya kihenge.

Niliona. Siwezi kusema sikuona. Niliona kwamba hakwenda jivuni, na nikajua maana yake ni kwamba hatafuti harufu yake, anatafuta pa kujificha. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamtazama baba, nikaona anavyocheka na watu wanavyocheka pamoja naye, si nyuma yake, na nikasema moyoni labda ni uzee wa mbwa. Nikalimeza.

Filipo alijikung'uta mavumbi, akasema, "Haya, Bwana Josho, lete ng'ombe." Alilisema jina lile sawasawa, bila kicheko.

Baba alimwogesha Mweusi, kisha Madoa. Aliwaogesha kama mtu anayeogesha watoto wake. Ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye mikunjo ya mapaja ambako kupe hujazana, hakuacha mahali. Dawa ilimchuruzika mikononi mpaka kwenye viwiko. Watu walitazama kwa heshima, na watatu wakasema wataleta ng'ombe wao kesho.

Jua halijazama Mweusi akaanza kutetemeka mapaja, akapiga magoti, akalala. Madoa alimfuata muda si mrefu. Kulipokucha wote wawili walikuwa wamekufa uani, ndimi nje, na chini ya kihenge mama akamkuta Watasema amekauka, hana hata chembe ya jivu mwilini. Wale watatu hawakuja. Filipo alikuja, akasimama mbali, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani wowote.

Baba alitetemeka mikono siku mbili na macho yake yalitoa machozi yasiyokatika. Kila aliyekuja kutoa pole alidhani analia. Mimi najua sasa kwamba ilikuwa ile dawa. Labda pia alikuwa analia.

Siku ya gulio alivaa koti la kaki, akachukua chupa, tukarudi Ikungi. Duka lilikuwa limejaa watu, na alingoja lijae zaidi. Kisha akaiweka chupa mezani kwa kishindo.

"Umeniuzia maji yenye sumu," alisema.

Kristina aliiangalia chupa. Aliona ilivyopungua kupita nusu, na uso wake ukabadilika. "Shikamoo, mzee. Ulikuwa na ndoo ngapi?"

Baba akaisukuma chupa mbele yake.

"Moja," nikasema mimi.

"Na vizibo vingapi?"

"Hatukupima kwa kizibo. Ni vikombe viwili."

Baba aligeuka akanitazama, na mpaka leo sijui alinitazama kwa hasira au kwa kuchoka. Kristina alivuta kiti akakaa. Hakupaza sauti.

"Baba yangu, sikuongeza maji. Ilikuwa dawa tupu."

"Wote mnaongeza," baba akasema.

"Najua. Mimi sikuongeza."

Katika miaka ile yote tuliyouziwa mchanga na chaki, mtu mmoja alituuzia kitu halisi, na ndicho kilichotumaliza. Nilimchukia yule binti kwa uaminifu wake kuliko nilivyowahi kumchukia mwizi yeyote. Si haki, najua, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulitoka tukakaa kando ya barabara kusubiri lori la kutupeleka Ihanja. Mbwa mmoja wa pale gulioni alikuwa amemwagiwa maji na mama lishe aliyekuwa anaosha masufuria. Alijikung'uta, akakimbia ovyo katikati ya watu, akapiga chafya, kisha akajitupa kwenye majivu ya kuni yaliyomwagwa pale na kujibingirisha, miguu juu. Watu wawili watatu walicheka. Baba alimtazama mpaka alipoinuka, mweupe kote.

"Selina," alisema, "ulimwona Watasema hakwenda jivuni?"

Nilitaka kusema sikuona. "Nilimwona, baba."

Aliivua filimbi shingoni, akaikunjia uzi wake taratibu, akaitia mfukoni mwa koti.

"Na mimi nilimwona," alisema. "Lakini watu walikuwa wanacheka na mimi."