Kitabu Ambacho Marehemu Hakukisoma

Mwanatatu alikuwa edani, hatoki nje, kwa hivyo vitabu nilimpelekea mwenyewe pale kwake mtaa wa Shika Adabu. Mimi nina kibanda cha kuazimisha vitabu. Namwangalia mtu usoni, najua kipi kitamfaa. Yeye nilimchagulia riwaya ya mama wa Lagos anayeuza mawigi, nikaongeza maisha ya mpishi wa Jamaika aliyezunguka dunia na sufuria zake. Waandishi weusi wenzetu, watu wanaojua kucheka huku machozi yanawatoka.

Nilipopita tena akanirudishia vyote.

"Shoga, hivi siviwezi."

"Vimekuuma?"

"Marehemu alishavisoma."

Faki, marehemu mumewe, alikuwa akirudi kutoka kazini bandarini anaoga, kisha anamsomea kwa sauti hadi adhana ya magharibi. Sasa kila Mwanatatu akifungua kitabu, sauti ile inamtangulia. Hajafika penye mzaha, Faki ashacheka huko chumbani.

"Wallahi, Mwende, nitahamia kwa kaka yangu Kiembeni. Na mjane kuhama kabla eda haijaisha, unajua nitakavyosemwa."

"Usihame. Nitakuletea ambacho hakukigusa. Atakusomeaje asichokijua?"

Haikuwa rahisi, maana Faki alikuwa amezimaliza rafu zangu kama mchwa. Mwishowe nikapata kimoja kilichotoka majuzi, cha kijana wa Haiti, kuhusu dada wawili na basi lao bovu. Ukurasa wa kwanza tu nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama mimi ni mzima.

Alasiri ya pili baada ya kumpelekea, nikaenda kumjulia hali. Nilimkuta mkekani peke yake, kitabu mapajani, uso umetulia.

"Enhe, amenyamaza?"

"Nikisoma, ananyamaza kabisa. Nikiacha mimi ndipo..."

"Ndipo nini?"

Akakifunga kitabu, akaniangalia. Nyuma ya pazia la chumbani sauti ya mwanamume iliuliza, taratibu, kama mgeni mwenye adabu:

"Halafu ikawaje?"

Nywele zilinisimama. Mwanatatu wala hakugeuka. Alikifungua tena, akautafuta mstari kwa kidole.

"Kaka nishamwambia siendi," akaninong'oneza. "Nitafutie kingine kama hiki, shoga. Kiwe kinene."

Akaanza kusoma kwa sauti. Kule chumbani kitanda kililia, kama mtu anayejiegemeza vizuri asikilize.