Ukaguzi wa Chupa ya Chai

Usiku wa kuamkia leo niliota ukaguzi umefika nyumbani kwangu, na mkaguzi mwenyewe ni chupa ya chai.

Ilikuwa ile nyekundu yenye maua, ya Mama Kilasi, ambayo haikosekani kwenye vikao vyetu. Ilipiga hodi, ikajifuta kitako kwenye gunia la mlangoni, ikaingia. Nikaipa kiti. Ikasema haihitaji kukaa, kwa sababu imekaa maisha yake yote.

"Wewe ndiye Osia Mlowe wa Kamati ya Nyufa?"

"Ndiyo mimi."

"Basi leo ni zamu yako. Washa udi."

Hapa lazima nieleze, maana asiyeishi Lupalamba anaweza kudhani hata kamati niliiota. Kamati ipo. Jina lake rasmi ni refu, lina maneno ya matumizi bora ya nishati ndani yake, na hakuna anayelikumbuka lote isipokuwa mwenyekiti wetu, Mama Kilasi, muuza maharage wa sokoni. Watu wanatuita Kamati ya Nyufa. Mji wetu uko juu milimani, baridi ya Juni huku haina adabu, na mkaa umeadimika mpaka watu wanaamkiana kwa kuulizana habari zake. Kwa hiyo kila Jumamosi sisi wa kujitolea tunapita nyumba kwa nyumba na kijiti cha udi. Moshi ukiyumba, hapo pana ufa. Tunaziba kwa udongo na matambara. Nyumba inayovuja joto tunaichora mlangoni mistari miwili ya chaki inayokatana. Isiyovuja tunaichora duara, na wenye duara wana maringo, hawaambiliki.

Tunafundisha pia kikapu cha joto. Unachemsha maharage kwa muda, unaipua sufuria ikiwa bado inatokota, unaizika kwenye kikapu kilichojaa blanketi kuukuu, na maharage yanajiivisha yenyewe bila moto. Sharti ni moja tu, na Mama Kilasi hulitamka kama anayegombana na mtu: usifunue. Na sisi watu wa Lupalamba, tukianza na wanakamati wenyewe, tunafunua. Tunafunua kuona kama joto bado lipo, na joto linatoka kwa sababu tumefunua.

Jambo jingine la kweli ni mwanangu. Tulizo alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba kofia niliyomnunulia ilimfika kidevuni. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, muuguzi alisema akae kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka aongezeke uzito. "Kifua cha baba nacho ni kifua," alisema, akinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini mikono yangu ni ya baridi tangu utotoni. Shuleni wenzangu walikuwa wakinikimbia. Niliogopa kumpoza mtoto. Kwa hiyo anayembeba ni mke wangu Vumilia, peke yake, analala ameketi, mgongo ukutani, macho yamemwingia ndani. Mimi kazi yangu ni kuinua kanga kila mara, niguse kama mtoto bado ana joto.

"Baba Tulizo," ananiambia, "usifunue."

Nafunua.

Basi, turudi kwa chupa. Niliwasha udi. Moshi haukwenda mlangoni wala dirishani. Ulizunguka chumba kwa utulivu, ukapita juu ya Vumilia na mtoto bila hata kuyumba, kisha ukaja ukaingia ndani ya shati langu, katikati ya vifungo.

"Ufa uko hapo," ikasema chupa.

"Hapo ni mimi."

"Ndiyo hivyo."

Ikanichora mistari miwili inayokatana kifuani.

Nageuka kutafuta tambara la kujizibia, na chumba si chumba tena. Tupo ndani ya kikapu cha joto, kikubwa kama ghala la ushirika. Kuta zake ni mablanketi. Maharage yamekaa kwenye mabenchi, kimya, yanaiva. Juu yetu inawaka balbu ya choo chetu cha nje.

"Kikao hakiwezi kuendelea hivi," inasema balbu. "Kanuni ya kamati: taa isiwake mahali pasipo na mtu. Hapa hakuna mtu."

"Mimi nipo," nasema.

"Wewe umelala kwako."

Hoja hiyo ilinishinda. Balbu ikajizima, kikao kikaendelea gizani, na ajabu ni kwamba niliona kila kitu vizuri kuliko mwanzo.

Ajenda ya kwanza ilikuwa mlango. Kamati yetu imekubaliana kwamba joto lisitoke nyumbani bila sababu, na huko makubaliano hayo yanafuatwa neno kwa neno. Kizingitini amelala yule nyoka wa matambara tunayemshona kuziba upenyo wa chini ya mlango, na majoto yamepanga foleni mbele yake, kila moja na kifurushi chake.

"Unakwenda wapi?" anauliza nyoka.

"Nje," linasema joto la uji.

"Kufanya nini?"

"Sijui. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Rudi ndani."

Linarudi bila kinyongo. Joto la pasi linasema linakwenda kumsalimia jirani. Linaambiwa limsubiri jirani aje mwenyewe. Halafu linafika joto moja limevaa koti langu la kazini. Lina masikio yangu. Jasho linalitiririka.

"Na wewe?"

"Mimi sina pa kwenda," linasema. "Ila mwenyewe anamwambia kila mtu kwamba sipo. Juzi kamwambia mama mkwe wake kwamba sipo. Nimeona aibu kuendelea kukaa mahali ambapo sipo."

Niliumia. Nilitaka kuliomba radhi, lakini sikujua joto la mtu huombwa radhi vipi. Nikasema tu kwamba mikono yangu ni baridi, kila mtu anajua, hata wakaulizwe niliosoma nao.

"Mikono!" inasema chupa. "Njoo hapa, unishike."

Naishika. Ni baridi kama bomba la uani asubuhi.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Ndani yangu mna chai ya tangu alfajiri. Ukiinywa sasa hivi utaungua ulimi. Chupa inayopata moto kwa nje, hiyo imekwisha, imebaki ya kuwekea maua. Nani alikufundisha kupima chupa kwa kuishika?"

"Hakuna."

"Na wewe umejipima kwa kitu gani?"

Natazama viganja vyangu. Havikusema kitu, ingawa huko karibu kila kitu kilikuwa kinasema.

Kwenye benchi la mbele harage moja likasimama, likaielekea chupa.

"Mwenyekiti, huyu bwana tunamfahamu. Alitufunua Jumapili. Tulikuwa tumekaribia. Akafunua, akatutazama usoni, akasema, 'Bado.' Tulikuwa bado kwa sababu yake."

Maharage yote yakagonga mabenchi.

"Kwa nini unafunua?" ikauliza chupa.

"Naogopa," nikasema. Ndotoni mtu husema ukweli kabla hajaupanga. "Naogopa nikiacha kuangalia, hata kidogo, nitakuta amepoa. Nitamkuta amepoa na mimi nilikuwepo."

Maharage yaliyokuwa yakitokota kwenye mabenchi ya nyuma yaliacha kwanza.

"Tumekusikia," ikasema chupa, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Lakini wewe umesimama nje ya kikapu, Osia. Ukiwa nje, huna njia ya kujua ila ufunue. Ingia ndani."

Maharage yananilaza chali. Lile harage linapanda kifuani kwangu, dogo, gumu, bado bichi. Nyoka wa matambara anatuzungukia mimi na harage, anajikaza. Mikono yangu imebaki nje, haina kazi. Sioni kitu. Nataka kufunua mpaka vidole vinauma.

Halafu nasikia kitu kinapumua. Kinagonga kidogo, kinapumua. Si harage. Sijui limebadilika saa ngapi. Joto langu linavua koti la kazini, linalitundika kwenye msumari, linakuja kukaa.

Chupa inafuta ile mistari yake kwa kitako, haraka haraka, kisha inachora duara.

"Haivuji," inasema. "Kikao kimefungwa."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Vumilia alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, anambembeleza mtoto kwa wimbo ambao maneno yake yalikuwa yamemwishia.

"Nipe," nikamwambia.

"Nikupe nini?"

"Mtoto. Wewe lala. Ulale kwa ubavu, kama watu."

"Na hiyo mikono yako?"

"Mikono siitumii. Utamfunga wewe kwa kanga."

Alinitazama kwa muda, akitafuta kama natania. Nikafungua vifungo vya shati.

"Baba Tulizo, hicho nini kifuani?"

Nikainamisha kichwa. Palikuwa na duara jeupe, limekaa sawasawa, na ndani yake alama ya mistari miwili iliyofutwa vibaya.

"Chaki," nikasema.

"Chaki za kamati si zinakaa kwa Mama Kilasi?"

"Zinakaa kwake."

Hakuwa na nguvu za kuuliza zaidi. Alimweka Tulizo katikati ya duara, na mtoto akaenea humo bila kuzidi wala kupungua. Akatufunga kwa kanga, akaongeza nyingine juu, akajilaza kwa ubavu. Usingizi ulimchukua kabla kichwa hakijafika kwenye mto.

Tukabaki wawili. Kwa kitambo sikusikia kitu, na mkono wangu wa kulia ukaanza kupanda kuelekea kwenye upindo wa kanga, kama ulivyozoea. Ukafika. Ukaushika upindo. Nilitamani kumwamsha Vumilia.

Kisha huko chini kitu kidogo kikapumua, kikanigonga, kikapumua tena, na pale tulipogusana nikasikia jasho jembamba linaanza kunitoka.

Sikufunua.